Nyumba Yenye Mgonjwa Mmoja

Kaka yangu Malkhazi alipougua, mtaa mzima uliugua naye. Hakuna aliyesema uteja. Mama alisema "ugonjwa wa Malkhazi", na watu wote wakamfuata kusema hivyo hivyo. Jirani wa upande wa juu alileta mchuzi wa kuku, wa upande wa chini akaleta jibini, na padri akamtaja kwa jina kwenye sala ya wagonjwa. Kila asubuhi mama yetu, Guliko, alivaa koti lake jeusi, ambalo hakuliacha tangu tumzike baba, akamshika mwanawe mkono, wakateremka barabara ya kiwandani hadi kliniki ya methadoni. Malkhazi alipanga foleni dirishani anywe dawa yake, ile inayotolewa badala ya madawa ya kulevya. Mama alikaa kwenye benchi la uani, mkate wa jibini ukiwa bado wa moto ndani ya taulo, akiwamegea na wale wanaume wengine waliokuwa wakisubiri zamu. Walimpenda mno.

"Vijana wa watu," alikuwa akisema akirudi. "Dunia imewaumiza, masikini."

Mimi ni Dali, dada yake mkubwa. Nasuka na kukata nywele kwenye chumba cha chini cha nyumba ile ile, mlango wa barabarani. Mume wangu alikufa mapema, mtoto sikujaliwa, nikarudi kwetu. Ghorofani waliishi mama, Malkhazi, mkewe Shorena, na binti yao Barbare, ambaye alikuwa anakaribia kuanza shule.

Shorena alitoka Racha, huko milimani, na kama watu wa kwao alikuwa hana haraka, wala ya kutembea wala ya kusema. Mama alimtania kwamba akiulizwa jambo asubuhi, jibu litakuja na chakula cha jioni. Lakini kabla Malkhazi hajapata nafasi kliniki, alipokuwa akigaragara kwa arosto, maumivu ya mwili ulionyimwa madawa ya kulevya, na kupiga kichwa ukutani, ni Shorena aliyemuuguza. Mama aliwasha mishumaa na kulia. Shorena alibadilisha mashuka, akamfuta matapishi, akamshika miguu isirukeruke. Mimi nilipanda kumsaidia nikamkuta amevaa sweta la sufu, na nje kulikuwa na joto, cheri zilikuwa zimeshaiva.

"Amenasa mafua kwa kukesha," mama akaniambia.

Nilifikiri hivyo pia. Lakini mafua yale hayakuisha. Yalikwenda na kurudi. Mara yupo sawa, anapika, anamfundisha Barbare kuhesabu. Mara anatetemeka, pua inachuruzika, hataki kuguswa. Siku moja alishuka nimwoshe nywele. Sikuwa na mteja. Nilipomlaza kichwa kwenye beseni nikaona jasho limemjaa shingoni, na maji bado sijayafungua.

"Wifi, una nini wewe?"

"Mafua."

"Mafua gani haya yanayokuja kwa ratiba kama treni?"

Akasema, macho kwenye dari: "Wifi, mimi pia."

Nilimwelewa papo hapo. Nilifunga mlango, nikashusha pazia, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniambia yote taratibu, kama anamsimulia mtu habari za jirani. Baada ya kumzaa Barbare alikuwa na maumivu ya mgongo yasiyomwachia hata kuinama juu ya kitanda cha mtoto. Malkhazi akamwambia, kidogo tu, utapumzika. Akapumzika kweli. Baadaye akawa yeye ndiye anayetumwa kwenye maduka ya dawa kununua vidonge, maana nani atamshuku mwanamke anayesukuma kigari cha mtoto? Na kwa kuwa jiko ni la mwanamke, kupika vile vidonge viwe ule uchafu wao wa kujidunga ikawa kazi yake pia. Malkhazi akijidunga kwanza, yeye anamalizia.

"Yeye amepata dawa," akasema. "Anakwenda kila asubuhi na mkate. Mimi nimebaki na mabaki yaliyofichwa, na yanaisha."

"Basi na wewe nenda!"

Akanitazama kama mtu aliyemwona mjinga. "Nende wapi, wifi? Nipange foleni nyuma ya nani? Mama yuko pale benchini."

Alisema kweli. Asingekaa uani pale hata nusu saa kabla mtaa haujajua. Mwanamume akijidunga, watu husema ameponzwa na rafiki, au jela, au vita. Mwanamke akijidunga, husemi chochote; unatema mate na kugeuka. Nimelisikia hilo kwenye viti vyangu vya saluni tangu nianze kazi.

Nikampeleka Kutaisi, mji mkubwa wa jirani ambako hatujulikani. Nyumbani tulisema nimempatia kibarua cha asubuhi kwenye karakana ya kushona. Mama alifurahi, akasema kazi itamtoa mafua.

Kliniki ya kule ilikuwa nyuma ya gereji. Ua uliojaa wanaume, moshi wa sigara, na tulipoingia mazungumzo yalikatika. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akauliza, "Dada, umepotea? Kanisa liko ng'ambo." Wakacheka.

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye ngazi: "Na wewe mamako alikupoteza wapi, mbona hakurudi kukutafuta?" Ndipo tukamwona Bela. Mwanamke wa makamo, midomo imepakwa rangi nyekundu kama anakwenda harusini, jino la dhahabu mbele. Alimshika Shorena mkono kama wanajuana. "Njoo hapa, mwali. Usiwaangalie machoni. Ni kama mbwa wa mchungaji, wanabweka tu hadi wakuzoee. Wengine hawazoei."

Yeye ndiye aliyemfundisha mambo ya pale. Kwamba lazima ufike kila siku umeze mbele ya muuguzi, hakuna kubeba nyumbani. Kwamba mtoto haruhusiwi hata uani. Kwamba choo ni kimoja, mlango haufungi, na siku ya kupima mkojo mlinzi husimama kizingitini kuhakikisha mkojo ni wako. Mlinzi mwanamume. Bela alikuwa anatembea na mtandio mkubwa kwenye mkoba kwa ajili hiyo.

"Miaka yote hii nilikuwa naufunga kwenye bomba na kwenye msumari uwe pazia," akasema. "Sasa nimepata wa kunishikia. Mungu si Athumani."

Hivyo ndivyo walivyofanya, huyu akimshikia mwenzake mtandio.

Daktari Avtandil hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Shorena, akamwandikisha, akamwita "binti yangu". Tulipomuuliza kama wanawake wangeweza kupewa muda wao asubuhi, kabla ya wanaume, alivua miwani akaipangusa.

"Mko wawili tu, binti yangu. Siwezi kumwamsha muuguzi na mlinzi kwa ajili ya watu wawili."

Bela alikuwa amesimama mlangoni, hakukaribishwa. "Tuko wawili kwa sababu hufungui, daktari. Fungua uone tulivyo wengi."

"Wakija wengi nitafungua."

"Na ukifungua watakuja."

Daktari akavaa miwani na kumwita mgonjwa mwingine. Shorena aliuliza pia habari ya daktari wa wanawake, maana hedhi yake ilikuwa imekatika muda mrefu na alikuwa na hofu. Wakamwambia aende hospitali ya kawaida. Kule hospitali ya kawaida, muuguzi aliposoma anatumia dawa gani, alivaa glavu za pili juu ya zile za kwanza. Shorena hakurudi tena huko.

Lakini dawa ilimshika. Siwezi kukataa kwamba tulipata kiangazi kizuri. Uso wake ulirudiwa na rangi, akanenepa kidogo mashavuni. Alikuwa akirudi kutoka Kutaisi kabla ya chakula cha mchana, anamchukua Barbare wanakwenda mtoni. Tulipika pamoja mchuzi mchachu wa plamu za kijani, chupa baada ya chupa, Barbare akiokota kokwa na kuzipanga dirishani. Mama mwenyewe alisema, "Mkwe wangu amefufuka." Siku moja, tukiwa tunaponda vitunguu saumu, Shorena akaniuliza:

"Wifi, hivi watu wengine huamka hivi kila siku?"

"Hivi vipi?"

"Hivi tu. Unafungua macho, na hakuna linalokudai."

Nilimwambia wengi wetu huamka na mgongo unauma. Akacheka mpaka akaweka mchi chini.

Malkhazi alijua. Alijua tangu mwanzo anakokwenda mkewe, na alikubali, kwa sharti moja: mama asijue. Nyumbani alikuwa anamwogopa mama kuliko alivyowahi kumwogopa polisi.

Mavuno ya zabibu tuliyafanyia kwa mjomba wetu, kama kila mwaka. Wanaume walikanyaga zabibu, wanawake tukageuza mikate ya mahindi, na jioni ilipoanza kuingia meza ikatandikwa chini ya mizabibu. Malkhazi hakuruhusiwa pombe, alipewa maji ya matunda, na mama alikuwa amekaa pembeni yake kumlinda na glasi za watu. Mjomba aliyekuwa mkuu wa meza, mwenye kuongoza kunyanyua glasi, akasimama kuwaombea heri akina mama. Wanaume wote wakainuka kwa heshima. Kati yao alikuwepo Kakha, kijana wa Kutaisi aliyekuja kusaidia kubeba makapu. Alikuwa amekwishakunywa ya kutosha, na naamini hadi leo hakuwa na nia mbaya.

"Kwa akina mama!" akasema. "Na kwa nyumba ya Malkhazi, jamani, nyumba yenye upendo! Mume anakunywa methadoni huku, mke anakunywa kule kwetu. Hata ugonjwa wanagawana!"

Mtu mmoja alicheka, akakoma. Mikono ilibaki na glasi hewani. Mama akamgeukia Shorena. Shorena alikuwa amempakata Barbare, akamwangalia Malkhazi. Wote tukamwangalia Malkhazi.

Ningeapa kwamba alikuwa anakwenda kusema. Midomo ilifunguka. Halafu akamtazama mkewe kama mtu anayetambulishwa kwake siku hiyo, akasema, "Anasema nini huyu? Shorena, anasema nini?"

"Malkhazi," nikasema mimi, "sema ukweli. Ni wewe uliyempa."

"Dada, kaa chini."

"Sikai. Mbele ya watu hawa sema nani alimdunga mara ya kwanza."

"Kaa chini, Dali!" Sauti yake ilipasuka kama ya mvulana. "Mimi nimedanganywa ndani ya nyumba yangu!"

Mama aliinuka. Hakupiga kelele. Alizunguka meza, akamchukua Barbare mapajani mwa mama yake kama unavyochukua sahani mezani, akamwambia Shorena kwa utulivu: "Mwanangu ni mgonjwa. Wewe ni mama."

Shorena alibaki amekunja mikono pale mtoto alipokuwa.

Siku ya pili kaka yake Shorena, aliyeitwa na mama, alishuka kutoka Racha na gari la kubebea magogo kumchukua. Alimweka mbele kama mzigo wa aibu, hakumsalimia mtu. Barbare alifungiwa chumba cha nyuma asione. Nilimsikia akigonga mlango.

Nilipanda kwa mama. "Kule milimani hakuna dawa, mama. Hakuna basi la kila siku. Unajua arosto ni nini, umeiona kwa macho yako. Unampeleka kuzimu."

Alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa. "Malkhazi alivumilia."

"Malkhazi alikuwa na Shorena wa kumshika miguu!"

Hapo akaacha maharage. Sikuwa nimemwona mama mzee hivyo. "Dali, mwanangu, wewe huna mtoto. Nisikilize. Baba akiwa mgonjwa, binti ataolewa, watu watamhurumia. Mama akiwa teja, nani atamgusa Barbare? Nani? Nitajie nyumba moja hapa mjini. Nitajie, nimrudishe Shorena leo hii."

Nilifikiria nyumba moja moja, watu ambao vichwa vyao vimepita mikononi mwangu. Sikupata ya kumtajia.

Nikaenda Kutaisi kwa Daktari Avtandil, kumwomba dawa ya kupeleka milimani, hata ya wiki moja. Alisema sheria haimruhusu, mgonjwa bado mpya. Nikamuuliza kama kuna mahali popote nchini panapompokea mwanamke na mtoto wake pamoja, akalazwa, akatulia. Aliuma kalamu. Bela akanipa namba ya nyumba moja ya watawa. Nikapiga. Mtawa mwenye sauti nzuri akaniambia wanawake wanapokelewa, lakini methadoni iachwe getini, na mtoto abaki kwa jamaa. Nilimuuliza, "Sista, wamewahi kukaa wangapi kwa masharti hayo?" Akasema ataniombea.

Yaliyotokea Racha niliyasikia baadaye, kwa kinywa cha Shorena mwenyewe. Walimweka chumba cha kuhifadhia viazi, kwa kuwa kilikuwa na komeo. Hawakuwa wakatili; mke wa kaka yake alimwachia maziwa mlangoni asubuhi na jioni. Lakini hakuna aliyeingia. Arosto ilipopita walidhani amepona, wakamfungulia, wakampa kazi zizini. Kabla theluji haijafunga njia aliomba lifti kwa dereva wa gari jingine la magogo akatoroka. Dereva alikuwa na rafiki Kutaisi, na rafiki alikuwa na unga. Mtu asiye na pa kulala hupokea chumba pamoja na kilichomo.

Nilikutana naye sokoni Kutaisi, siku chache kabla ya Krismasi, nikinunua lozi. Yeye ndiye aliyeniita. "Wifi." Ningempita. Meno mawili ya pembeni yalikuwa yameng'oka, na viatu alivyovaa vilikuwa vya kiume. Tulikumbatiana katikati ya watu na magunia. Alinuka petroli.

"Barbare?" akauliza.

"Anajua kusoma. Anakuuliza."

"Mnamwambia niko wapi?"

"Mama anamwambia uko Ugiriki, unalea wazee."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayeipima habari ile. "Ugiriki ni kuzuri. Usimwambie umeniona."

"Shorena, twende kwa daktari. Sasa hivi. Si mbali, tunakwenda kwa miguu."

Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, kulia, kumvuta. Hakutaka kuvutwa. Aliniangalia, akafunga kifungo cha juu cha koti, akasema, "Twende."

Tulitembea tumeshikana mikono. Njiani aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Kwamba akianza tena atapanga chumba karibu na kliniki. Kwamba kufua anajua, kupika anajua, kuna mikahawa. Kwamba kiangazi ningeweza kumleta Barbare kwa siri, nikisema nampeleka kwa daktari wa meno. Nikakubali yote. Nilikuwa tayari kumdanganya mama mpaka siku ya kiyama.

Uani wanaume walikuwa wale wale. Safari hii hakuna aliyepiga mluzi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bela alitoka, akamwona, akafunika mdomo kwa mkono, kisha akamkumbatia.

Daktari Avtandil alitufungulia. Alimtazama Shorena muda mrefu, na nikaona kweli amehuzunika. "Binti yangu," akasema, "ulipotea zaidi ya siku zinazoruhusiwa. Nafasi yako ilikwisha kutolewa. Itabidi uandikishwe upya, ukae mbele ya kamati, halafu usubiri zamu."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Baada ya sikukuu kamati itakaa. Kisha zamu. Sijui. Majira ya baridi watu ni wengi."

Bela akalipuka. "Amekuja kwa miguu yake, Avtandil! Unaijua kazi ya kuja hapa kwa miguu yako? Mpe leo!"

"Nikimpa leo, kesho watanifunga mimi na kufunga mlango huu kwa nyinyi wote."

Sikuweza kusema anadanganya. Nilianza kumsihi hata hivyo, nikashika mkono wa koti lake jeupe, mimi mtu mzima. Ni Shorena aliyeniondoa, kidole kimoja kimoja.

"Mwache, wifi. Ameandika jina." Alikuwa anatabasamu, kwa aibu, kama mgeni aliyefika siku isiyo yake. "Lakini nimekuja. Si umeona? Nimekuja."

Nilimwambia twende ukalale kwangu, saluni, nitakuficha mpaka zamu ifike. Akauliza, "Chini ya miguu ya Barbare?" Nilimwambia basi nitampangia chumba hapa, nikakimbia kumuuliza Bela kama anajua mwenye chumba. Bela alianza kutaja mtu. Tulipogeuka, ua ulikuwa umejaa wanaume na yeye hayupo. Mmoja wao alitunyooshea kidole upande wa gereji, bila utani wowote. Tulikimbia mpaka barabara kuu. Bela alipoteza kiatu kwenye matope.

Nilirudi Kutaisi kila nilipoweza. Bela aliuliza kwa watu wake, mimi kwa wangu. Krismasi tuliila nyumbani. Malkhazi alikata nguruwe wa sikukuu, mkono wake hautetemeki tena, na wageni walimpongeza mama kwa uvumilivu wake. Barbare alisoma aya ya Injili mbele ya watu wote, bila kukosea.

Theluji ilipoanza kuyeyuka muuguzi wa kliniki akanipigia simu. Kamati imekubali, nafasi imepatikana, Shorena aje kesho asubuhi na kitambulisho chake. Alikuwa na furaha kunipa habari ile. Nilifunga saluni, nikaenda mpaka nyumba ambamo Bela alikuwa amesikia kwamba Shorena aliishi na yule rafiki wa dereva, nyuma ya stesheni. Mwenye nyumba, mwanamke mwenye kikohozi kisichoisha, aliniambia yule mwanamume alihama pamoja na mwanamke wake kabla ya mwezi kuisha. Wengine walisema wamevuka kwenda Uturuki. Yeye hakujua. Chumbani hawakuwa wameacha kitu, akasema, ila dirisha lililovunjika, na alitaka kujua kama mimi ni ndugu na nitalitengeneza.

Nilimwambia mimi ni wifi yake. Nikampigia fundi simu, nikakaa kwenye ngazi kumsubiri, maana baridi ilikuwa bado inaingia.